Kavetsa na Mtaro Wangu

Mtu wa kuyaeleza maisha ya Kavetsa hafai kuwa mimi. Nilimwonea wivu miaka kumi na mmoja, wivu wa kunikosesha hamu ya chakula, kwa hiyo mkinisikia nikimsifu mahali jueni sifa hiyo imenitoka kwa shida. Lakini wale waliompenda wanamweleza vibaya. Wanamfanya malaika. Mimi nilimtazama kwa makini kuliko wao wote, maana nilikuwa namtafutia kosa kila siku ya Mungu.

Naitwa Katunge. Nilikuja Kawangware mwaka wa 1966 kutoka Mbooni, kwetu Machakos, kumfuata mume wangu Mulei, fundi seremala. Tulipanga chumba kwenye ploti ya mzee Kiragu, upande wa kuelekea Riruta Satellite. Vyumba vyake vilikuwa safu tatu zilizoteremka kwenda mtoni: safu ya juu, ya kati na ya chini. Kuta za udongo, mabati juu. Mimi nilikaa safu ya juu, na sikuchoka kuwakumbusha watu hilo.

Mvua ikinyesha, maji yalishuka kutoka barabarani, yakapita milangoni mwetu na takataka zote za soko, yakaenda kuwamalizia watu wa chini. Hakuna aliyekuja kutuchimbia hata shimo. Mwaka wa 1972 nikawakusanya wanawake wa ploti, nikawaambia tufanye mwethya. Kwetu Ukambani mwethya ni kazi ya mikono mingi: leo tunachimba kwangu, kesho kwako, bila malipo, kila mtu na jembe lake. Wamuyu, jirani yangu kutoka Nyeri, akasema kwao pia ipo, wanaiita ngwatio. Basi tukaanza. Wanawake kumi na wanane, kila Jumamosi mchana. Tulichimba mashimo ya takataka, tukapanga mawe njiani, tukapanda nyasi za kushika udongo ukingoni mwa mto. Mzee Kiragu alikuja akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hiyo kwake ilikuwa ruhusa.

Mimi ndiye niliyekuwa na filimbi. Nikipuliza mara moja, majembe juu. Mara mbili, tunapumzika, chai inatoka. Nataka mwelewe filimbi ile ilikuwa nini kwangu. Jumatatu hadi Ijumaa nilifua nguo za watu huko Lavington, na miaka yote ile mama mwenye nyumba hakujua jina langu. Aliniita "wewe". Jumamosi nilikuwa Mama Nyamai, kwa jina la mwanangu, na wanawake kumi na wanane hawakuinua jembe mpaka nipulize. Sikuwa na kingine Nairobi hii.

Kavetsa akaja mwaka wa 1975. Alitoka Maragoli na mumewe, bawabu wa kiwanda fulani, na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado mgongoni. Wakapata chumba safu ya chini, kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, na kilikuwa wazi kwa sababu ya maji. Jumamosi yake ya kwanza alikuja kwenye mwethya bila kuitwa. Alisimama mwisho wa mstari, akafunga mtoto vizuri, akashika jembe. Nilipopuliza tupumzike, sisi wengine tulikuwa tumechimba hatua nne. Yeye alikuwa amechimba sita. Wala hakuwa anahema.

"Huyu mama ametoka wapi?" wanawake wakaulizana huku wanacheka kwa furaha.

Nilicheka pia. Moyoni nilisema, subiri, atachoka.

Hakuchoka. Tena kila wiki alizidi kunichokoza bila kujua. Alijua majina ya watoto wote wa ploti kabla hajamaliza mwezi. Nikianzisha wimbo wa Kikamba, alijifunza kiitikio mara moja, kisha akaniuliza maana yake mbele ya watu, kwa adabu, nami nikalazimika kumwambia. Alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni, wanawake wakawa wanahama mstari kwenda kuchimba karibu naye. Mimi nabaki mbele na filimbi yangu, na upande wangu una watu watatu, mmoja wao kiziwi.

Nyumbani nako sikupona. Jioni moja Mulei anakula, ananiambia, "Yule mama Mluhya wa chini ana akili. Jana nimemwona amewekea mlango wake mawe, maji yanapinda yanaenda pembeni."

"Umemwonea wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa napita."

"Unapita safu ya chini kufanya nini? Choo kiko juu."

Mulei akatazama sahani yake. Sikumpa nyama ya pili. Hakukuwa na jambo lolote baina yao, nilijua hivyo hata wakati ule, lakini kumsikia mume wangu akitamka neno akili na kumtaja mwanamke mwingine kulinikata maini.

Sasa nije kwenye mtaro. Kati ya safu ya kati na safu ya chini mimi niliamua tuchimbe mtaro mkubwa, hatua arobaini, ili maji yasiwafikie watu wa chini. Kuchimba mtaro sisi watu wa Machakos hatufundishwi na mtu. Nilikua nikimwona mama yangu akichimba kwenye miteremko ya Mbooni. Aina ile inaitwa fanya juu: unachimba mtaro ulionyooka sawasawa, udongo unautupa upande wa juu, na ncha zote mbili unaziziba. Mvua ikija, maji yanaingia na kukaa humo, yanazama ardhini polepole, na mahindi yanapona. Kwetu tone la maji likikuponyoka hadi mtoni ni aibu. Basi ndivyo nilivyowachimbisha wenzangu, wiki saba, na mtaro ukatoka mzuri. Mzee Kiragu alileta wageni wake kuuona.

Kavetsa alichimba pamoja nasi wiki zote saba. Siku ya kumaliza aliutembea mtaro wote kutoka ncha hadi ncha, mtoto mgongoni, akarudi akasimama mbele yangu.

"Mama Nyamai, hii maji itatokea wapi?"

"Haitoki. Inakaa."

"Inakaa mpaka lini?"

"Mpaka inywewe na udongo."

Akafikiria. "Sisi kwetu mvua ni ya kila siku," akasema. "Ukifunga maji juu ya nyumba, nyumba inakuja. Kwetu tunaifukuza. Tukate hapa mwisho, iende mtoni."

"Kwetu mvua tunaililia," nikamjibu kwa sauti ya kila mtu kusikia, "na wewe unataka kuifukuza?"

Wanawake wakacheka. Kavetsa naye akacheka kidogo, halafu akasema bila ubaya wowote, "Lakini hapa si kwenu, Mama Nyamai."

Hakuna aliyecheka tena. Wengine walitazama majembe yao. Wamuyu alitazama mtaro, na nilimwona akifikiria, na kule kufikiria kwake kuliniumiza kuliko maneno yenyewe. Nikapuliza filimbi. Nikasema kazi imekwisha, twendeni tukanywe chai.

Kikundi chetu kilikuwa na sheria moja niliyoiweka mwenyewe: kazi iliyofanywa na wote haivunjwi na mmoja. Kama kuna la kubadilisha, linapangiwa Jumamosi yake, na mpangaji ni mimi. Kavetsa akaomba kukatwa kwa mtaro kuwekwe kwenye zamu. Nikasema sawa, nikaiweka kazi hiyo mwisho wa orodha. Zamu yake ilipokaribia, nikaingiza shimo la takataka la mama fulani. Ilipokaribia tena, nikaingiza kusafisha kisima. Wamuyu akaniuliza, "Kwani ile ya Mama Jesca ni lini?" Jesca ni binti mkubwa wa Kavetsa. Nikamwambia tutaangalia. Mwaka mzima tuliangalia, na kwa bahati mwaka huo mvua ilikuwa haba. Mtaro ukanywa maji yake kama nilivyosema, nami nikawa natembea kifua mbele.

Mvua ya Aprili 1977 ilikuwa nyingine. Wiki ya pili nilishuka safu ya chini kwa kisingizio cha kuazima chungio. Nilikuta kuta za nyuma zimelowa hadi kiunoni, udongo umekuwa laini, unabonyea kwa kidole. Kavetsa alikuwa amehamishia vitanda upande wa mlango. Hakunilaumu. Alinipa chungio na kunikaribisha chai, nikakataa.

Sitaki mtu aseme sikujua. Nilijua siku ile. Nilipanda kurudi kwangu nikijua mtaro umejaa, na maji yanaingia kwenye zile kuta kutoka chini. Lakini nilijichorea akilini picha ya Jumamosi ijayo: mimi nimepuliza filimbi, tunakata mtaro pale pale aliposema yeye, maji yanatoka mbio, wanawake wanapiga vigelegele. Vigelegele vya nani? Nikasema wiki moja zaidi haitaua mtu.

Jumapili mchana mvua ilianza tukitoka kanisani. Saa tisa hivi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, nikasikia hodi. Ni Kavetsa. Amelowa chapachapa, jembe mkononi, hana viatu.

"Mama Nyamai, umejaa mpaka mdomo. Nipe ruhusa nikate."

Hebu fikirieni. Jembe analo, mtaro uko nyuma ya chumba chake, na kukata ncha ile ilikuwa kazi ya mapigo ishirini ya jembe kwa mtu kama yeye. Mwingine angekata, aje kuomba radhi baadaye. Yeye alipanda mteremko wote kwenye tope kuja kuniomba, kwa sababu ya sheria yangu. Mtu mmoja tu katika kikundi kizima aliichukua sheria yangu kwa uzito, na ni yeye. Hilo nalo lilinikasirisha.

"Subiri mvua ipungue," nikasema. "Tutaita wenzetu, tukate pamoja."

Akanitazama. Mvua ilimtiririka usoni, hata hakujifuta. Akasema, "Haya," akageuka akashuka.

Nilirudi kwenye vitunguu. Chai niliyokuwa nimeteleka haikuwahi kuchemka. Niliusikia mtaro ukiachia, mlio mzito, halafu mabati, halafu kelele za wanawake. Nilitoka mbio na kisu mkononi. Ukingo ulikuwa umepasuka katikati na vyumba vinne vya safu ya chini vimelala. Maji mekundu yalipita na vyungu, magodoro, mbao za kitanda. Kavetsa alikuwa magotini kwenye tope anachimba kwa mikono, anaita jina la yule mdogo, Nekesa, aliyepewa jina la rafiki yao Mbukusu. Tuliingia wote kuchimba. Tulichimba mpaka Wamuyu alipoenda kwake kuleta karai akamkuta mtoto amelala kitandani mwake, tumbo juu, hana habari. Alikuwa amepanda kwenda kucheza na watoto wake kabla mvua haijazidi.

Hakufa mtu. Watu wakasema ni mvua ya mwaka huu. Mimi pia nikasema ni mvua, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, na kila nilipolisema nilimtazama Kavetsa. Hakusema neno. Jumamosi iliyofuata nilipuliza filimbi, nikaamuru mtaro uzibwe katikati na ukatwe mwisho, maji yaende mtoni, nikaeleza kwa kirefu kwa nini ni lazima kufanya hivyo. Wanawake waliinamisha vichwa wakachimba. Kavetsa alichimba pia, akiwa amevaa nguo ya kuazima.

Vyumba tulivijenga upya, lakini mumewe alikataa kurudi chini ya mteremko ule. Wakahamia Kianda, huko Kibera. Nilimsindikiza hadi barabarani nimembebea sufuria mbili. Mkokoteni ulipokata kona nilipumua, nikadhani nimepumzika.

Sikupumzika. Kawangware na Kianda si mbali, na habari zina miguu mirefu kuliko mtu. Mara nasikia Kavetsa ameanzisha kikundi. Mara nasikia wana wanawake thelathini. Mara wamechimba mifereji kutoka Kianda hadi chini kabisa, na mvua ya mwaka jana haikuangusha hata ukuta mmoja. Mara wana kitalu cha miti, wanaotesha miche ndani ya paketi za maziwa, zile za pembe tatu, wanaigawa bure. Mtu wa gazeti akaenda kuwapiga picha. Mulei alileta lile gazeti nyumbani. Nilifungia nalo sabuni.

Kilichonimaliza ni Wamuyu. Jumamosi moja hakuja kwenye mwethya, na ya pili hakuja. Nikamuuliza, akaniambia anaenda Kianda. Kwa miguu! Anaacha kazi ya ploti yake anaenda kuchimba ya wengine. "Huko tunacheka," akaniambia. Kufikia mwaka wa 1982 tulibaki saba. Kufikia 1984 nilikuwa napuliza filimbi, wanatoka wawili, nao ni kwa heshima ya umri wangu.

Na miaka yote hiyo nilikuwa na mzigo mwingine. Yeye alijua. Aliomba ruhusa nikamwambia asubiri, na hakuwahi kumwambia mtu. Wamuyu hakujua, Mulei hakujua. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwaza, leo atasema. Asiposema, nilimchukia zaidi, kwa sababu niliona ananishikia deni la kimya, ananitazama kutoka Kianda na tabasamu lake la msamaha. Nilimwonea wivu hata kile kimya. Mimi kama ningekuwa na neno kama lile juu yake, lingefika Machakos siku ile ile.

Mwaka wa 1986 mumewe alistaafu, wakawa wanarudi Maragoli. Mwanamke wa Kijaluo, Awiti, katibu wa kikundi chao, alikuja hadi mlangoni kwangu. "Mama Nyamai, tunamuaga Mama Jesca Jumamosi. Amesema wewe usikose. Amesema wewe ndiye ulimfundisha hii kazi." Nikasema nitaona. Lakini nilikuwa nimeshajua nitakwenda, na nilijua nitakwenda kufanya nini. Nitaitoa ile siri mwenyewe mbele ya watu wake wote. Asipate nafasi ya kwenda nayo kwao akiwa ameinyamazia, mshindi hadi mwisho.

Nilifika Kianda nimevaa rinda langu la kanisani. Sitasema palikuwa pazuri. Nitasema palikuwa pakavu, na ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Maji yalipita kwenye mifereji ya mawe pembeni mwa njia, yanashuka yenyewe, wala hakuna aliyekuwa akiyatazama. Kulikuwa na miti imepita mabati. Wanawake walijaa mpaka nje ya ukumbi wa kanisa, chai kwenye sufuria kubwa, mandazi kwenye makarai. Niliwahesabu watu, sikuweza kujizuia. Nilipofika sabini nikaacha.

Walipouliza nani ana neno, nikasimama. Nikawaambia mimi ni Katunge wa Kawangware. Nikawaeleza mtaro wa fanya juu, nikaeleza jinsi Kavetsa alivyoniambia kweli mapema nami nikaisukuma mbele mwaka mzima kwa wivu. Nikaeleza ile Jumapili, hodi, jembe, na neno langu: subiri. Nikasema vyumba vinne vilianguka kwa ajili ya neno hilo, na mvua tuliisingizia tu. Kisha nikasema, "Yeye alijua, na miaka tisa hakunitaja kwa mtu." Nikakaa.

Nilingoja wanizomee, na kweli nilikuwa tayari, hata niliitamani. Badala yake Awiti akasimama, machozi yanamtoka, akasema, "Mmesikia huyu mama yetu ni mtu wa namna gani? Miaka tisa!" Vigelegele vikapasuka. Wamuyu alikuwa analia. Walimwendea Kavetsa wakamkumbatia, wakamwinua, wakamwimbia. Aibu yangu niliyoibeba miaka tisa waliifanya ua la kumvisha yeye. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai, hakuna hata aliyenikasirikia.

Baadaye Kavetsa alijipenyeza akaja kukaa karibu nami kwenye benchi. Alikuwa amezeeka, mikono imekakamaa. Akanishika goti.

"Mama Nyamai," akasema, "wewe umebeba hiyo kitu mpaka leo?"

"Nilibeba. Na wewe ulinyamaza. Kwa nini hukusema?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Namjua, nilimsoma uso ule miaka mingi nikitafuta uongo ndani yake.

"Mimi sikunyamaza," akasema. "Nilisahau. Wewe uliniambia subiri? Haki sikumbuki. Siku ile nakumbuka natafuta mtoto, tu. Nachimba, nachimba, halafu Wamuyu anakuja na yeye mkononi. Hiyo ndiyo nakumbuka."

Kisha akaitwa kukata keki, akaenda. Nilibaki kwenye benchi. Miaka kumi na mmoja nilishindana naye kwa kazi, kwa nyimbo, kwa watu, kwa mume wangu mwenyewe, na kwa kimya, na katika miaka yote hiyo hakuniwaza hata kwa ubaya. Nikamtazama anakata keki, anampa kila mtu kipande, anacheka kile kicheko chake. Roho iliniuma upya, kama siku ile ya kwanza alipochimba hatua sita.